Je, ujana wa balehe "uligunduliwa" mwaka 1904?

Swali: Shikamoo Profesa. Nasomea ualimu, mwaka wa pili. Katika saikolojia ya elimu tumefundishwa kwamba balehe kama hatua ya pekee ya maisha iligunduliwa na Mmarekani mmoja mwaka 1904, na kwamba zamani mtu alitoka utotoni akaingia utu uzima moja kwa moja. Mhadhiri mwingine anasema Wagiriki wa kale walishayaandika yote hayo. Vitabu vipya navyo vinazungumzia ubongo tu. Nimwamini nani? Na kwa nini wanafikra hubadilisha maelezo kila kizazi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Wahadhiri wako wote wawili wameshika ukweli, ila kila mmoja ameshika kipande chake. Tabia za vijana zimetazamwa na kuandikwa kwa zaidi ya miaka 2,300. Kilichozaliwa karibu na mwaka 1904 ni taaluma: jina, vipimo, vitabu vya kiada, na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Lakini swali lako la mwisho ndilo zito zaidi, kwa hiyo nakuomba usome historia hii ukiwa na maswali mawili mkononi. Kila ukikutana na mwanafikra, jiulize alikuwa akiwatazama vijana wepi, na alitaka nini kutoka kwao. Mabadiliko mengi yanaelezeka hapo vizuri kuliko kwa kusema tu kwamba sayansi imesonga mbele.

Tuanze na Plato. Katika kitabu chake kuhusu sheria, alichokiandika uzeeni, anapendekeza vijana wasionje mvinyo kabisa kabla ya miaka 18, kwa hoja kwamba si busara kumimina moto juu ya moto uliokwisha kuwaka mwilini na rohoni. Kwingineko, anapopanga elimu ya watawala, anaahirisha mafunzo ya mabishano ya kifalsafa hadi miaka 30. Anasema ameona yanayowapata wanaoanza mapema: hufurahia kumrarua kwa hoja kila aliye karibu, kama watoto wa mbwa, na mwishowe hawaamini chochote. Mwanafunzi wake Aristotle alikwenda mbali zaidi. Sura yake kuhusu vijana, iliyomo katika kitabu cha ufasaha wa kuzungumza mbele ya umma, ni maelezo ambayo mwalimu yeyote wa sekondari angeyatambua leo. Vijana, anasema, wana matamanio makali yasiyodumu. Hukasirika upesi. Hupenda heshima kuliko fedha, kwa kuwa hawajajua shida ya kukosa. Huwaamini watu kwa kuwa hawajadanganywa mara nyingi, na wamejaa matumaini kwa kuwa walichobakiza ni kirefu na walichopita ni kifupi. Kosa lao ni kuzidisha: wakipenda wanapitiliza, wakichukia wanapitiliza.

Wengi hunukuu sura hiyo kama shutuma, na hilo linanisikitisha. Sura inayofuata inawaeleza wazee, na wazee wanatoka vibaya zaidi: waoga, wachoyo, wenye kumshuku kila mtu. Aristotle alikuwa akimfundisha msemaji namna ya kuwafikia wasikilizaji wa kila umri. Hakuwa akitunga nadharia ya makuzi. Tena "kijana" wake ni mvulana huru, mtoto wa raia, mara nyingi mwenye mali. Msichana wa Athens, ambaye mara nyingi aliozwa akiwa na miaka 14 au 15, hayumo. Mtumwa hayumo.

Hapo hapo nikuonye kuhusu ile nukuu inayosambaa chini ya jina la Socrates, kwamba vijana wa siku hizi wanapenda anasa na hawawaheshimu wakubwa. Socrates hakuisema. Inatokana na tasnifu ya mwanafunzi wa Cambridge, Kenneth John Freeman, iliyochapishwa mwaka 1907, ambamo alikuwa akifupisha kwa maneno yake malalamiko ya watu wa kale. Usiitumie darasani.

Baada ya Wagiriki kuna mtu mmoja ambaye vitabu vya kiada humruka, nami siwezi. Augustine, askofu Mkristo wa Afrika Kaskazini, akiandika mwishoni mwa karne ya 4, anakumbuka wizi wa mapeari alioufanya na wenzake akiwa na miaka 16. Hawakuwa na njaa. Matunda mengi waliwatupia nguruwe. Anazunguka kurasa nyingi akijiuliza kwa nini, na jibu analolirudia ni kwamba peke yake asingeiba. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha jaribio la mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta: vijana walipocheza mbele ya wenzao walijihatarisha zaidi kuliko walipocheza peke yao, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wazima. Jaribio limeongeza kipimo na ulinganisho. Jambo lenyewe lilikwisha kuonwa na mtu aliyejichunguza kwa unyofu.

Wanasheria wa Kiislamu nao walifikiri kwa makini sana juu ya umri huu, kwa sababu iliyowalazimu: mali ya mayatima. Aya ya 6 ya sura ya An-Nisaa inaagiza mayatima wajaribiwe hata wafikie umri wa kuoa, na mali yao wakabidhiwe pale wanapoonekana kuwa na busara ya kuitunza. Hapo kuna vizingiti viwili, si kimoja. Kubaleghe kunamfanya mtu awajibike kwa ibada na matendo yake, lakini kukabidhiwa mali kunasubiri rushdi, yaani upevu wa maamuzi, nao haufiki lazima siku moja na upevu wa mwili. Abu Hanifa alifikia kuweka ukomo wa miaka 25: hapo kijana apewe mali yake hata kama busara bado haijaonekana. Shika wazo hili la vizingiti viwili, tutalihitaji mbele.

Ulaya ya enzi za kati ilipenda kugawa maisha kwa mafungu ya miaka saba. Isidore wa Seville, mapema katika karne ya 7, aliweka utoto hadi miaka 14 na ujana wa kwanza hadi miaka 28. Kwa hiyo madai kwamba watu wa zamani hawakuwa na jina la kipindi hicho si ya kweli. Yametoka wapi? Kwa sehemu kubwa yametoka kwa mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès, ambaye mwaka 1960 alitoa kitabu kilichosomwa sana, akidai kwamba jamii ya enzi za kati haikuutambua utoto kama sisi tunavyoutambua, na kwamba mtoto aliingia mapema katika dunia ya wakubwa. Aliegemea sana picha na mavazi. Wanahistoria waliomfuata walifungua nyaraka nyingine. Natalie Zemon Davis alionyesha mwaka 1971 kwamba vijiji vya Ufaransa katika karne ya 16 vilikuwa na vikundi rasmi vya vijana wasiooa, vyenye viongozi wao na sherehe zao za kuwakejeli wakubwa. Uingereza, sheria ya mwaka 1563 ilidai miaka isiyopungua saba ya uanagenzi, na mijini ilimfunga kijana kwa bwana wake hadi afike miaka 24. Uanagenzi wa namna hiyo ulikwenda pamoja na katazo la kuoa. Kipindi cha kati kilikuwepo, tena kirefu. Tofauti ni kwamba kilipitwa katika nyumba ya mtu mwingine, kazini, chini ya amri, na sio darasani pamoja na wenye umri uleule.

Jean-Jacques Rousseau ndiye aliyegeuza mtazamo. Katika kitabu chake cha elimu cha mwaka 1762 alisema binadamu huzaliwa mara mbili: kwanza ili awepo, kisha, kwenye balehe, ili aishi. Kwa Plato kijana alikuwa moto wa kudhibitiwa. Kwa Rousseau moto huo ni mwanzo wa dhamiri. Hisia zinazoamka zinaweza kuelekezwa kwenye urafiki na huruma kwa wanaoteseka kabla hazijafika kwenye mapenzi, na kazi ya mlezi ni kutoharakisha. Kitabu kilichomwa moto Paris na Geneva, hasa kwa sababu ya sehemu yake kuhusu dini. Lakini tumia yale maswali mawili. Kijana wa Rousseau ni mvulana mmoja mwenye mlezi wake peke yake usiku na mchana. Msichana aliyemwandalia analelewa ili ampendeze mume. Nao watoto watano ambao Rousseau aliwapata na mwenzi wake aliwapeleka katika nyumba ya watoto waliotupwa, kama alivyokiri mwenyewe. Sisemi hivyo ili umtupe. Nasema ili ujue kwamba wazo zuri kuhusu vijana linaweza kuandikwa na mtu ambaye hakuwahi kuishi na kijana wake mwenyewe.

Sasa tufike 1904. Mmarekani wako ni G. Stanley Hall, rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Clark, na kitabu chake kuhusu balehe kilitoka kwa juzuu mbili zenye kurasa zaidi ya 1,300. Humo kuna kila kitu: uzito na kimo, magonjwa, uhalifu, dini, mapenzi, elimu ya wasichana. Kipindi alichokieleza kinaanzia takriban miaka 14 hadi 24, na sifa yake kuu ni dhoruba na msukosuko: ugomvi na wazazi, kuyumba kwa hisia, kujitia hatarini.

Kwa nini wakati ule? Kwa sababu kijana alikuwa akitolewa kiwandani na kuingizwa shuleni. Mwaka 1890, chini ya mmoja kati ya kumi wa Wamarekani wenye miaka 14 hadi 17 walikuwa sekondari; kufikia 1930 walikuwa karibu nusu. Mwaka 1899 mahakama ya kwanza ya watoto ya Marekani ilifunguliwa Chicago. Ghafla kulikuwa na walimu, mahakimu na wafanyakazi wa ustawi wa jamii waliohitaji kuambiwa wanashughulika na kiumbe wa namna gani. Hall aliwapa jibu. Hakukigundua kipindi, alikipa taasisi na lugha ya kisayansi wakati taasisi hizo zilipokuwa zikiitafuta lugha hiyo.

Sehemu ya jibu hilo haina budi kusemwa waziwazi, hasa kwetu sisi tunaosoma historia hii kutoka upande wa waliotawaliwa. Hall aliamini, kwa kumfuata mwanabiolojia Mjerumani Ernst Haeckel, kwamba mtoto akikua anarudia hatua za mageuzi ya binadamu wote. Mtoto mdogo ni binadamu wa kale, na kijana anasimama kwenye mlango wa ustaarabu. Geuza sentensi hiyo, nawe utaona inakotupeleka: zipo jamii nzima zilizokwama utotoni au ujanani. Hall aliigeuza mwenyewe. Juzuu yake ya pili ina sura inayowaita watu wasio wa Ulaya "mataifa yaliyo katika balehe". Alipinga ukatili dhidi yao, hilo tumpe, lakini aliwapinga wakatili kwa hoja ya mlezi anayemtetea mtoto. Nadharia hiyo ya kibayolojia ilikwisha kuporomoka. Watawala hawakuihitaji kuwa kweli. Iliwafaa kwa sababu iliwaita watu wazima vijana wasiokomaa. Ninapoona kitabu cha kiada kinamtaja Hall kama "baba wa taaluma" na kuiacha sura hiyo, naona mwanafunzi amenyimwa kitu alichostahili kujua.

Wafuasi wa Sigmund Freud waliichukua dhoruba ya Hall na kuihamishia ndani ya nafsi. Anna Freud aliandika mwaka 1958 kwamba kuwa wa kawaida katika kipindi cha balehe ni jambo lisilo la kawaida. Kumbuka kwamba waliomjia walikuwa wagonjwa.

Pingamizi kubwa lilitoka kwa mwanaanthropolojia. Margaret Mead alikwenda Samoa mwaka 1925 akiwa na miaka 23, akaishi katika kisiwa cha Ta'ū, akawachunguza wasichana wa vijiji vitatu. Kitabu chake cha 1928 kilidai kwamba walipita balehe bila msukosuko mkubwa, kwa hiyo msukosuko hautoki katika damu bali katika namna jamii ilivyopangwa. Angalia pia kwamba hatimaye wasichana wamewekwa katikati ya swali. Mwaka 1983, miaka mitano baada ya kifo chake, mwanaanthropolojia mwingine, Derek Freeman, alimshambulia vikali, akidai kwamba alidanganywa na watoa habari wake na kwamba Samoa ilijaa ukali na udhibiti. Paul Shankman baadaye alirudi kwenye ushahidi na kuonyesha kwamba shutuma ya kudanganywa haisimami. Kwa maoni yangu, picha ya Mead ilikuwa laini kupita kiasi, lakini swali lake lilikuwa sahihi, na hatujalipata bora zaidi: usiseme "vijana wako hivi" mpaka umewatazama vijana wa mahali pengine. Waliolifuata kwa upana ni Alice Schlegel na Herbert Barry, ambao kitabu chao cha 1991 kililinganisha kumbukumbu za jamii 186 zisizo za viwanda. Walikuta kipindi cha kijamii kati ya utoto na utu uzima karibu kila mahali, kwa wavulana na kwa wasichana, ingawa kwa wasichana mara nyingi ni kifupi. Hilo linajibu moja kwa moja dai la "kuingia utu uzima moja kwa moja".

Jean Piaget nitampita haraka, ingawa mtihani utamuuliza: kuanzia miaka 11 au 12, alisema, akili huanza kushughulika na yanayowezekana na sio yaliyopo tu, na ndiyo sababu kijana anaweza kuijenga dunia upya kichwani na kukasirika kwamba haiko hivyo.

Erik Erikson ndiye ninayemrudia kila mwaka. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1902 bila kumjua baba yake, akakulia chini ya jina la baba wa kambo, akatangatanga akiwa mchoraji kabla ya kufika Vienna kufundisha watoto, na alipohamia Marekani akajichagulia jina la ukoo. Si ajabu kwamba aliliweka swali la "mimi ni nani" katikati ya balehe. Kwake yeye kijana ana kazi ya kufanya: kuunganisha alichokuwa utotoni, anachotaka kuwa, na kile ambacho wengine wanamwona kuwa. Na jamii inadaiwa kumpa muda wa kujaribu bila kufungwa na kila jaribio. Ni hapo mzigo unapohamia kwetu wakubwa kwa mara ya kwanza. Dhoruba ya Hall inasubiriwa ipite tu, ilhali kazi ya Erikson inahitaji nafasi, na lazima awepo wa kuitoa. Ukomo wake nao ni wa kweli. Anayelazimika kuzalisha chakula cha ndugu zake akiwa na miaka 13 hapewi muda huo, na Carol Gilligan alionyesha mwaka 1982 kwamba nadharia za makuzi za wakati ule zilikuwa zimempima kila mtu kwa kipimo cha mvulana.

Wakati huohuo dhoruba yenyewe ilianza kuhesabiwa. Daniel Offer aliwachunguza wavulana wa kawaida, wasio wagonjwa, na mwaka 1969 akaripoti kwamba wengi wao hawakuwa katika msukosuko. Mwaka 1999 Jeffrey Arnett alisawazisha mjadala: ugomvi na wazazi, hisia kuyumba na tabia za hatari huonekana zaidi katika umri huu kuliko katika umri mwingine, lakini haziwapati wote, na kiwango kinatofautiana kati ya utamaduni na utamaduni. Nadhani hiyo ndiyo kauli salama zaidi tuliyo nayo.

Sasa ubongo. Mwaka huohuo wa 1999, Jay Giedd na wenzake walichapisha picha za MRI za watoto waliofuatiliwa kwa miaka. Tishu ya kijivu katika sehemu ya mbele ya ubongo ilionekana kuongezeka hadi karibu miaka 11 kwa wasichana na 12 kwa wavulana, kisha kupungua ujana ukiendelea. Kutoka hapo, Steinberg na wengine wakajenga nadharia ya mifumo miwili: ule unaotafuta msisimko na zawadi huchachamaa mapema, ule wa kujizuia hukomaa taratibu. Utafiti wa 2018 wa zaidi ya watu 5,000 wenye miaka 10 hadi 30 katika nchi 11, Kenya ikiwemo, ulikuta hamu ya msisimko inafika kilele karibu na miaka 19 huku uwezo wa kujizuia ukiendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu. Mtu aliyemsoma Plato hatashtuka.

Lakini tazama matumizi yake. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Roper dhidi ya Simmons, ilipiga marufuku hukumu ya kifo kwa kosa lililotendwa na aliye chini ya miaka 18. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kiliieleza mahakama kwamba vijana hawajakomaa. Jaji Antonin Scalia, aliyepinga uamuzi huo, alikumbusha kwamba chama hichohicho, katika kesi ya 1990 kuhusu wasichana kuamua juu ya ujauzito wao, kilidai vijana wanaweza kufikiri kama watu wazima. Steinberg na wenzake walijibu kwamba hakuna mgongano. Uwezo wa kupima hoja kwa utulivu unakaribia wa mtu mzima kufikia miaka 16 hivi, na kujitawala kwenye presha, hasira au mbele ya wenzake kunakuja baadaye. Ni vile vizingiti viwili, sasa vikiwa na grafu. Naikubali hoja yao, na nakiri pia kwamba haki mbili tofauti ndizo zilizowasukuma wataalamu kuitafuta.

Kwa hiyo "ubongo tu" usikubali. Picha inaonyesha mahali na wakati. Haimwambii mwalimu kijana aliye mbele yake ameogopeshwa na nini. Mipaka yenyewe bado inasogezwa: Shirika la Afya Duniani huhesabu miaka 10 hadi 19, na mwaka 2018 Susan Sawyer na wenzake walipendekeza 10 hadi 24, kwa sababu balehe ya mwili inaanza mapema huku masomo, ndoa na kazi ya kudumu vikichelewa.

Katika mtihani andika kwamba 1904 ni mwaka wa taaluma na sio wa kipindi, kisha utetee kwa sheria ya uanagenzi ya 1563 na jamii 186 za Schlegel na Barry. Ukipata nafasi ya insha ndefu, weka sura ya Aristotle kuhusu vijana kando ya makala ya Arnett, uhesabu wanachokubaliana, halafu uonyeshe ni vijana gani ambao kila mmoja wao hakuwaona.